Makoo mawili shingoni: moja la pumzi, moja la chakula

Kila Sikukuu Kubwa, uani kwetu Wete, mzee anayetuchinjia huwa na kijana pembeni anayemfundisha kazi. Kisu kikiwa bado kimo alani, humwambia: "Mwanangu, unakata viwili. Koo la pumzi na koo la chakula." Katika fikihi ya Imamu Shafi tunayosomeshwa chuoni, mnyama hawi halali mpaka vyote viwili, hulkumu na marii, vimekatika barabara; ile mishipa miwili ya damu ya pembeni kuikata ni sunna. Kwa hiyo kijana wa Pemba, hata kama bayolojia ilimshinda skuli, anajua kwa mkono wake kwamba shingo imebeba mabomba mawili.

Usiku anakula pilau ya nyama ile ile, anapaliwa, na anasema "kimeniingia kooni". Makoo mawili yamerudi kuwa moja. Ndivyo tunavyosema sote: koo linaniwasha, koo limekauka, mwiba umenikwama kooni. Neno moja limefunika njia mbili zisizofanana kwa umbo, kwa kazi wala kwa hatari. Nimesomesha miaka mingi, na nimeona kwamba somo la upumuaji huwavuruga wanafunzi hapo hapo mwanzoni, kabla hata hatujafika kwenye mapafu.

Hata hivyo Kiswahili hakikulala. Jina ni moja lakini vitendo ni viwili. Mtu hupaliwa na maji, na mate, na unga wa pilipili. Papo hapo hukohoa mpaka machozi yakamtoka, na sauti hukatika. Mtu husakamwa na tonge la muhogo mkavu au mwiba wa changu. Huyu anaweza kusema, anaweza kupumua, ila anashika kifua na kuomba maji. Wa kwanza kimemwingia koo la pumzi. Wa pili kimemkwama koo la chakula. Wapo wanaoyabadilisha maneno haya, sikatai, lakini bibi yangu hakuyachanganya hata siku moja, na nitayatumia kama alivyoyatumia yeye.

Turudi kwa yule mbuzi. Baada ya kuchunwa, mwombe mwenye kisu akukatie shingo kwa urefu, akupe mabomba yote mawili kabla hayajaenda kwa paka. Koo la chakula, ambalo vitabuni huitwa umio, ni laini kama kitambaa kilicholowa. Ukilibonyeza linalala, na likilala halinyanyuki. Koo la pumzi, ambalo skuli tunaliita trakea, ni gumu kiasi, lina pete pete, na ukilibana kati ya vidole kisha ukaliachia linarudi kuwa duara.

Kwa nini moja lilale na jingine lisimame? Anayemwagilia mboga kwa mashine ya maji analijua jibu. Mpira unaovuta maji kutoka kisimani ni mgumu, una mbavu zilizozunguka ukutani mwake. Mpira unaotoa maji kwenda shambani ni mwembamba, na mashine ikizimwa unalala chini kama utepe. Kinachosukumwa hujifungulia njia chenyewe. Kinachovutwa huifunga njia yake isipokuwa na mbavu. Chakula husukumwa: misuli ya umio hubana nyuma ya tonge na kulipeleka tumboni, hata ukiwa umelala. Hewa huvutwa: kiwambo kilicho chini ya mapafu kinashuka, mbavu zinatanuka, nafasi kifuani inaongezeka, na hewa ya nje inaingia kujaza. Bomba laini lingejikunja kwa kila pumzi, nasi tunavuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika tukiwa tumetulia.

Mbavu za koo la pumzi si mfupa. Ni gegedu, kitu kile kile kinachoshikilia umbo la sikio lako. Kwa mtu mzima pete hizo ni kati ya 16 na 20, zimepangana kwenye bomba lenye urefu wa sentimita 10 hadi 12 na upana wa takriban sentimita 2, likiwa jembamba kidogo kwa wanawake. Weka kidole kwenye kongomeo, lile pingili linalochomoza shingoni, kisha shuka polepole. Utakuta pete moja imara, ambayo ndiyo pekee katika njia hii iliyozunguka kamili. Chini yake linaanza koo la pumzi lenyewe, nawe utazihisi pete za mwanzo mpaka kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari. Kuanzia hapo linaingia kifuani na kidole hakifiki tena.

Sasa geuza bomba la mbuzi uangalie upande uliokuwa umegusana na umio. Pete hazikukutana. Kila moja ina umbo la kwato, mdomo wazi kwa nyuma, na uwazi huo umezibwa kwa msuli laini. Mimi nilipoliona jambo hili mara ya kwanza nilidhani mchinjaji amelichana. Kumbe ndivyo lilivyo, na binadamu ni hivyo hivyo, na sababu zake ni mbili. Umio umelala nyuma ya koo la pumzi, na tonge kubwa likipita hutuna kwa mbele. Pete kamili zingelizuia. Ya pili inahusu kikohozi. Ukikohoa kwa nguvu, msuli ule wa nyuma hujibana na kulifanya bomba kuwa jembamba kwa muda mfupi sana, na hewa inayotoka inaongeza kasi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba maji yakarukia mbali. Kinachorushwa nje ni kile kilichoingia pasipo pake.

Ukiwa jikoni na kuku ndio ujue kwamba mpango huu si wa lazima kwa kila kiumbe. Koo la pumzi la kuku lina pete kamili, zimezunguka pande zote. Na jogoo anapowika, sauti yake haitoki juu kama yetu. Inatoka chini kabisa, pale bomba linapogawanyika kuingia kifuani. Mbuzi naye ana lake: kabla bomba halijafika njia panda, hutoa tawi moja dogo upande wa kulia, ambalo sisi kwa kawaida hatuna.

Wayunani wa kale waliliita jina lenye maana ya "mshipa wenye mikwaruzo". Waliona mishipa ya damu ya maiti ni mitupu, wakadhani inabeba hewa, basi bomba hili likahesabiwa kuwa mmoja wao, ila lenye mikwaruzo kwa sababu ya pete zake. Waarabu waliliita kasaba ya hewa, yaani tete la hewa, na kwa maoni yangu hao waliliona vizuri zaidi, kwa sababu tete lina pingili na lina uwazi usiofumba.

Ndani ya bomba kuna kazi isiyosikika. Ukuta wake umefunikwa na ute unaonata, na chini ya ute mna vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vyote vikipiga kuelekea juu, zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja. Vumbi la kufagia uwanja, unga wa kinuni, poda ya pilipili, vijidudu: vingi vilivyopita puani hunaswa hapa, kisha hubebwa na ute kurudi juu kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika. Kwa urefu wa bomba lenyewe, safari hiyo huchukua chini ya nusu saa. Ukifika juu unaumeza bila kujua, na asidi ya tumbo inamaliza kazi. Ukizidi au ukiwa mzito, ndiyo belghamu tunayoitema.

Moshi huviumiza vijinywele hivi. Moshi wa sigara huvilemaza na, kwa muda mrefu, huviua, ndiyo maana mvutaji wa miaka mingi huamka na kikohozi kizito: ute uliokuwa upandishwe taratibu usiku kucha umerundikana, na sasa lazima uondolewe kwa nguvu. Lakini sitaki tuwatazame wavuta sigara peke yao. Nimekulia jikoni kwa kuni, makumbi na vifuu, paa la makuti, mlango mmoja. Mama aliinama juu ya mafiga saa tatu, nne kwa siku, maisha yake yote, na sisi watoto tuliambiwa tutoke nje kwa sababu ya moshi. Yeye hakuambiwa na mtu. Mwenye uwezo wa kutoboa dirisha la pili jikoni, au kuhamishia mafiga kibarazani, asingoje mpaka mwenye kupika aanze kukohoa.

Tupande sasa mlangoni, kwa sababu hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Pua iko juu ya mdomo, lakini koo la pumzi liko mbele ya koo la chakula. Fikiria vizuri: hewa inayotoka nyuma ya pua lazima ije mbele, na chakula kinachotoka mdomoni mbele lazima kiende nyuma. Njia zinakatana. Kuna sehemu fupi ambayo hewa na tonge hupita pamoja, halafu kila kimoja kinapaswa kushika bomba lake.

Meza mate sasa hivi huku umeshika kongomeo. Limepanda, kisha limeshuka. Katika muda huo usiotimia hata sekunde moja au unaoizidi kidogo tu, pumzi ilisimama, kisanduku cha sauti kilinyanyuliwa mbele na juu, kidakatonge kilijikunja kufunika mlango, na nyuzi za sauti zilibana kabisa. Baadhi ya watu hukiita kidakatonge kile kijinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa ukifungua mdomo. Hicho ni kilimi, na kazi yake iko upande wa pua. Kidakatonge ninachokisema hapa ni kipande cha gegedu kama jani, kimekaa nyuma ya mzizi wa ulimi, na kwa watu wazima walio wengi hukioni hata kwa kioo.

Watoto wa chuoni wanaujua mlango huu kuliko wanavyodhani. Katika tajwidi tunafundishwa herufi sita za kooni, na mbili kati yake, hamza na he, hutoka mwisho kabisa wa koo, mbali na mdomo. Tamka hamza polepole: pumzi imekatwa, mlango umefungwa. Tamka he: mlango uko wazi na pumzi inapita. Mahali pale pale panapofanya hamza ndipo panapoziba wakati wa kumeza, na chini yake tu ndipo koo la pumzi linapoanza.

Kwa hiyo mtu hawezi kumeza na kusema kwa wakati mmoja. Kusema na kucheka kunataka mlango wazi. Wazee wetu waliotunyamazisha kwenye mkeka wa chakula walikuwa wanatufunza adabu, na adabu hiyo iliokoa watoto.

Kwa mtoto mchanga bomba hili lina urefu wa takriban sentimita 4, na uwazi wake ni milimita 4 au 5. Kwa mtoto mkubwa kidogo, kipimo kinachosaidia ni kidole chake mwenyewe cha mwisho: unene wa kidole hicho unakaribia upana wa njia yake ya hewa. Wembamba huu unauma kwa namna ambayo hesabu ya kawaida haionyeshi. Njia ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili. Pale hewa inapopita kwa utulivu, huongezeka mara 16. Uvimbe wa milimita moja kuzunguka ukuta, ambao mtu mzima angeuita mafua tu, unaweza kumfanya mtoto mwenye njia ya milimita 4 avute pumzi kwa mlio na mbavu zikaingia ndani. Dondakoo liliua watoto kwa njia hii, kwa utando wa kijivu uliofunga mlango wa hewa. Kinga yake imo katika chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile wanayochomwa pajani na mama wengi huilalamikia kwa sababu ya homa ya usiku. Homa hiyo inapita.

Sasa pumu. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa koo hili. Pumu hubana chini zaidi, kwenye vitawi vyembamba ambavyo havina pete za kuvishikilia, na mlio wake husikika zaidi mtu akitoa pumzi. Mlio mkali wakati wa kuvuta pumzi ndani unaelekeza juu, kwenye mlango au koo la pumzi lenyewe, na huo ni wa kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kifuani, nyuma ya sehemu ya juu ya kidari, bomba linafika njia panda. Tawi la kulia ni fupi zaidi, pana zaidi, na limeshuka karibu wima. La kushoto limelala kwa sababu moyo umechukua nafasi upande huo. Kuanzia hapo matawi yanagawanyika tena na tena, kiasi cha mara 23, mpaka kwenye vifuko vya hewa vinavyohesabiwa kwa mamia ya milioni, ambako oksijeni inaingia kwenye damu. Kwenye bomba lenyewe hakuna oksijeni inayochukuliwa. Katika pumzi moja ya kawaida ya mililita 500, kama mililita 150 hubaki njiani tu na kutoka tena. Kitu kikipita mlangoni kwa mtu mzima, mara nyingi huteremkia kulia. Kwa mtoto mdogo tofauti ya pande hizi mbili si kubwa hivyo.

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anamumunya ubuyu, ule mwekundu wa sukari, huku anakimbizana na wenzake. Akaanguka, akapaliwa, akakohoa mpaka uso ukabadilika. Kaka yake akampiga mgongoni, nyanya yake akampuliza utosini, akapewa maji. Baada ya dakika chache kikohozi kikaisha, akarudi kucheza. Tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Kumbe kunyamaza kule kulitudanganya. Kokwa ikishatulia kwenye tawi, ukuta uliokuwa unawashwa huzoea, na kikohozi hupoa kwa saa au kwa siku. Halafu sehemu ya pafu iliyo nyuma ya kizuizi haipati hewa ya kutosha, ute haupandi, vijidudu vinaota. Mtoto alipata homa na kifua, akatibiwa nimonia, akapona, akaugua tena, upande ule ule wa kulia, mara tatu ndani ya miezi miwili. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu kigeni, kwani kokwa haionekani kwenye picha kama inavyoonekana sarafu. Mara zote hizo tuliulizwa kuhusu homa, na sisi tulijibu kuhusu homa. Mara ya nne tulimkuta daktari kijana, akasikiliza kifua, akakaa kimya kidogo, kisha akamuuliza dada yangu: "Mama, mtoto huyu aliwahi kupaliwa?"

Alisafirishwa Dar es Salaam, akalazwa usingizi, na kokwa ikatolewa kwa bomba la kutazamia lililopitishwa mdomoni. Njia hiyo ilianza mwaka 1897, pale Gustav Killian, daktari wa Ujerumani, alipoutoa mfupa kwenye njia ya hewa ya mkulima bila kumpasua. Kuna mambo ya zamani zaidi. Ibn Zuhr wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1162, alimtoboa mbuzi koo la pumzi akamtunza mpaka jeraha likapona, ili aone kama tundu hilo linavumilika. Leo tundu la namna hiyo huwekwa chini kidogo ya kongomeo, baina ya pete za mwanzo, kwa mgonjwa ambaye mlango wake wa juu hauna njia. Pumzi ikipita hapo haifiki kwenye nyuzi za sauti, hivyo mgonjwa hunyamaza mpaka tundu lizibwe kwa kidole.

Nyumbani, aliyepaliwa ambaye bado anakohoa kwa nguvu aachwe akohoe, atiwe moyo, asipewe maji, maana maji yana bomba lake na si hilo. Hatari ni pale kikohozi kinapokuwa hakina sauti, hawezi kulia wala kusema, midomo inabadilika rangi. Hapo mwinamishe mbele, mpige mara tano baina ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa ndani na kwa juu mara tano. Rudia kwa zamu, tano na tano. Mjamzito husukumwa kifuani, si tumboni. Mtoto asiyetimiza mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze, umsukume katikati ya kifua mara tano. Tumbo lake lisiguswe. Usitie kidole kinywani kwa kubahatisha, unaweza kukizamisha zaidi. Toa kile tu unachokiona. Akizimia, anza kukandamiza kifua huku mtu mwingine anatafuta gari.

Na hata kama kimeisha chenyewe, mkifika kwa daktari leo au baada ya mwezi, msiseme tu mtoto ana kikohozi, au koo linamuuma. Mwambieni siku gani alipaliwa, alikuwa anakula nini, alikohoa kwa muda gani, na kwamba baada yake alinyamaza.